Praktiko ya kinetiki ya vimeng'enya: mwongozo kamili, kuanzia bafa hadi ripoti

Ukisoma biokemia ya shahada ya kwanza, iwe Dar es Salaam, Morogoro, Nairobi au Kampala, kuna praktiko moja ambayo ni vigumu kuikwepa. Mnapewa kimeng'enya, mnapewa sabstreti, yaani molekuli ambayo kimeng'enya hicho huishughulikia, kisha mnaambiwa mtafute Vmax, yaani kasi ya juu kabisa ya kimeng'enya hicho, na Km, yaani mkolezo wa sabstreti unaokupa nusu ya kasi hiyo. Maabara ni mchana mmoja tu. Ripoti ndiyo inayokesha watu.

Wanaokwama hudhani wamekwamia kwenye mlinganyo wa Michaelis na Menten, ule unaounganisha kasi na mkolezo wa sabstreti. Ukiwafungulia madaftari unakuta wengi walikwama mapema zaidi: kwenye kubadilisha milimoli kuwa mikromoli, kwenye kuzimua, kwenye bafa (myeyusho unaoizuia pH isihame). Ni mambo ya kidato cha tatu na cha tano yaliyopitwa mbio mbio kwa sababu mtihani wa taifa ulikuwa mlangoni. Ndiyo maana mwongozo huu unatumia muda mrefu kwenye bafa na vipimo, na muda mfupi kwenye nadharia, ambayo kila desa linayo.

Mfano tutakaoufuata mwanzo hadi mwisho ni alkalini fosfatesi ya bakteria E. coli. Sabstreti yake ni para-nitrofenili fosfeti, ambayo kila mtu maabara huiita pNPP. Kimeng'enya kinakata kundi la fosfeti, na kinachobaki ni para-nitrofenoli (pNP). pNPP haina rangi. pNP kwenye mazingira ya besi ni ya njano na hufyonza mwanga wa nanomita 405. Unachopima, kwa hiyo, ni kasi ya njano kuongezeka. Namba za matokeo nitakazotoa ni za mfano, zimepangwa ili uweze kuzirudia mwenyewe kwa kikokotoo. Viwango vya kemikali ni vya kweli.

Hatua ya 1: Soma karatasi ya maabara ukiwa na kalamu

Usiku wa kuamkia praktiko, andika vitu vitatu kwenye daftari. Kinachobadilishwa: mkolezo wa sabstreti. Kinachopimwa: ufyonzaji wa mwanga kwa dakika. Kinachotakiwa kutulia: pH, joto, kiasi cha kimeng'enya, ujazo wa jumla. Karibu kila matokeo ya ajabu utakayoyaona katika praktiko hii yanatokana na kimojawapo cha hivyo vinne vya mwisho kuhama bila mtu kugundua.

Hapo hapo gawaneni kazi. Makundi ya watu sita yanayochangia spektrofotomita moja, yaani mashine ya kupima ufyonzaji wa mwanga, ni jambo la kawaida kwetu, na mtindo wa kila mtu kujaribu pipeti kidogo ni wa haki lakini unaharibu data, kwa kuwa kila mkono una tabia yake. Mtu mmoja aweke kimeng'enya kwenye mirija yote, mmoja ashike saa, mmoja aandike. Zamu mtapeana kwenye praktiko nyingine. Hesabu, hata hivyo, kila mmoja azifanye peke yake kisha mlinganishe.

Hatua ya 2: Tengeneza bafa, na ujue kwa nini ni hiyo

Swali la kwanza ambalo mwalimu hupenda kuuliza akipita mezani: kwa nini hatukutumia bafa ya fosfeti, ambayo ni rahisi na ipo kila maabara? Jibu ni kwamba fosfeti ni zao la mmenyuko wenyewe na inashindana na sabstreti kuingia kwenye eneo tendaji la kimeng'enya. Ukiweka bafa ya fosfeti umeweka kizuizi kwenye kila mrija kabla hujaanza. Bafa yetu itakuwa ya Tris, lakini usichukue chupa ya Tris iliyochanganywa na EDTA iliyobaki kwenye praktiko ya DNA. Alkalini fosfatesi ya E. coli inahitaji zinki na magnesi kwenye eneo tendaji, na EDTA huzinyakua.

Tunataka mL 500 za Tris ya 0.2 M yenye pH 8.0. Uzito wa moli moja ya Tris ni gramu 121.14.

Moli zinazohitajika: 0.2 × 0.5 = 0.1. Gramu: 0.1 × 121.14 = 12.11.

Sasa asidi. Tris ya unga ni besi. Lazima sehemu yake ipewe protoni kwa asidi hidrokloriki ili bafa ipatikane. pKa ya Tris, yaani pH ambako nusu ya molekuli zake zina protoni, kwenye nyuzi 25 ni 8.06. Tumia mlinganyo wa Henderson na Hasselbalch:

pH = pKa + log([besi]/[asidi])

8.00 = 8.06 + log(uwiano), kwa hiyo log(uwiano) = −0.06, na uwiano wenyewe ni 0.87.

Maana yake kwa kila molekuli 1 yenye protoni kuna 0.87 isiyo nayo. Sehemu yenye protoni ni 1 ÷ 1.87 = 0.535. Kwa kuwa jumla ya Tris ni moli 0.1, unahitaji moli 0.0535 za asidi, yaani karibu mL 53 za HCl ya 1 M. Namba hiyo ukiwa nayo kabla hujaingia maabara, hutatonesha asidi kwa kubahatisha huku foleni ya pH mita ikirefuka nyuma yako.

Utaratibu wa mikono: yeyusha gramu 12.11 kwenye maji ya distili kama mL 350. Sawazisha pH mita kwa miyeyusho ya pH 7 na pH 10. Mimina mL 48 hivi za asidi kwa pamoja huku ukikoroga, kisha malizia kidogo kidogo kwa pipeti ya Pasteur mpaka isome 8.00. Hapo ndipo unahamishia kwenye chupa ya ujazo na kujaza hadi mstari wa mL 500. Anayejaza maji hadi 500 kwanza halafu akaongeza asidi ataishia na mL 553 na mkolezo ambao hauujui mtu.

Joto nalo. pKa ya Tris hushuka kwa karibu 0.028 kwa kila nyuzi moja inayopanda. Bafa uliyoiweka pH 8.00 kwenye nyuzi 25, ukiipima ikiwa kwenye nyuzi 4 itasoma karibu 8.6, ukiipeleka kwenye bafu ya nyuzi 37 itashuka hadi karibu 7.7. Maabara ya Dar mwezi wa Februari, kiyoyozi kikiwa kimezimika, inaweza kuwa nyuzi 32. Kwa hiyo rekebisha pH kwenye joto lile lile utakalofanyia kazi, na uandike joto hilo kwenye ripoti. Hili dogo linawatofautisha walioelewa na walionakili.

Hatua ya 3: Myeyusho wa sabstreti, na lebo ya chupa

Tunataka mL 25 za pNPP ya 10 mM, iliyoyeyushwa kwenye bafa ile ile. Milimoli 10 kwa lita mara lita 0.025 ni milimoli 0.25. Bado gramu kwa moli.

Simama hapo na usome lebo. pNPP huuzwa kama chumvi ya sodiamu, na ya kawaida sana maabara ina molekuli 6 za maji ndani ya fuwele: uzito wake ni 371.14. Isiyo na maji ni 263.05. Ukichukua 263 kutoka kwenye intaneti wakati chupa iliyo mbele yako ni ya 371, utapima miligramu 65.8 badala ya 92.8, na myeyusho ulioubandika 10 mM utakuwa 7.1 mM. Grafu itatoka nzuri kabisa, mstari umenyooka, na Km yako itakuwa kubwa kuliko ya kweli kwa asilimia 40. Hakuna kitakachokuonya. Kosa la aina hii haliachi alama popote isipokuwa kwenye daftari, ndiyo maana uzito wa moli na kiasi halisi ulichopima huandikwa hapo hapo kwenye mizani, si baadaye bwenini.

pNPP huvunjika yenyewe polepole, hasa ikikaa kwenye joto na mwanga. Itengeneze siku hiyo hiyo, ifunge kwa karatasi ya foili, iweke kwenye barafu. Ikiwa tayari ni ya njano wazi kabla ya kimeng'enya kuguswa, mwite mtaalamu wa maabara.

Hatua ya 4: Panga mirija kwenye karatasi kwanza

Kila kuveti (kichupa kinachoingia kwenye spektrofotomita) itakuwa na ujazo wa jumla wa mL 3.0, yaani mikrolita 3000. Kimeng'enya ni mikrolita 100 kila mahali. Kanuni ni ile ya kuzimua, C₁V₁ = C₂V₂.

Kwa mkolezo wa mwisho wa 0.05 mM: 0.05 × 3000 ÷ 10 = mikrolita 15 za myeyusho wa 10 mM. Inawezekana, lakini kwa pipeti iliyochoka, kukosea mikrolita 2 kati ya 15 ni rahisi mno. Afadhali uzimue kwanza sehemu ya akiba mara kumi upate 1 mM (mL 1 ya akiba na mL 9 za bafa), na uitumie hiyo kwa mikolezo midogo. Mikrolita 150 zinapimika kwa uhakika zaidi.

| Mkolezo wa mwisho (mM) | Sabstreti (mikrolita) | Bafa (mikrolita) | Kimeng'enya (mikrolita) |
|---|---|---|---|
| 0.05 | 150 ya 1 mM | 2750 | 100 |
| 0.10 | 300 ya 1 mM | 2600 | 100 |
| 0.20 | 600 ya 1 mM | 2300 | 100 |
| 0.40 | 120 ya 10 mM | 2780 | 100 |
| 0.80 | 240 ya 10 mM | 2660 | 100 |
| 1.60 | 480 ya 10 mM | 2420 | 100 |

Angalia jinsi mikolezo inavyoongezeka mara mbili mbili. Ukichagua 0.2, 0.4, 0.6, 0.8 na kadhalika, pointi zako zitarundikana sehemu ambako kasi imekaribia kufika kikomo, na utakosa habari za upande wa chini. Ukiweza, kuwe na mikolezo iliyo chini ya Km na mingine iliyoizidi mara kadhaa. Kama hujui Km itakuwa ngapi, fanya jaribio la haraka la mirija mitatu kwanza.

Ongeza mrija wa blanki: sabstreti ya 1.60 mM, bafa, na mikrolita 100 za bafa mahali pa kimeng'enya. Huo ndio utakaokuonyesha njano inayotokea yenyewe.

Hatua ya 5: Grafu ya standadi

Wengi huiruka hatua hii na kutumia namba iliyo kwenye karatasi ya maabara: pNP ina mgawo wa ufyonzaji wa karibu lita 18,000 kwa moli kwa sentimita, kwenye nanomita 405. Namba hiyo ni sahihi, ila ni ya pNP iliyopoteza protoni yote, kama inavyokuwa ukimwagia sodiamu hidroksaidi mwishoni. pKa ya pNP ni 7.15. Kwenye pH 8.0, tumia tena Henderson na Hasselbalch: 8.0 − 7.15 = 0.85, na 10 kwa kipeo cha 0.85 ni 7.1. Sehemu ya njano ni 7.1 ÷ 8.1, sawa na asilimia 88. Asilimia 12 iliyobaki ipo kwenye kuveti, imezalishwa na kimeng'enya, lakini spektrofotomita haiioni kwenye 405.

Kwa hiyo mgawo wako halisi ni kama 15,800, na njia ya kuupata bila ubishi ni kutengeneza pNP ya 0, 10, 20, 30, 40 na 60 mikromola kwenye bafa ile ile, kusoma ufyonzaji na kuchora mstari. Mteremko unapaswa kuwa karibu 0.0158 kwa kila mikromola. Pointi ya 60 itasoma karibu 0.95, usipande zaidi ya hapo sana, kwa sababu spektrofotomita nyingi za kufundishia huanza kudanganya ufyonzaji ukivuka 1.

Kuveti za plastiki zinatosha kwenye 405. Za kwazi, ambazo mtaalamu wa maabara huzilinda kama mboni ya jicho, ni za urujuanimno. Zinahitajika ukipima protini kwenye 280 au DNA kwenye 260.

Hatua ya 6: Pima kasi ya mwanzo

Kimeng'enya kikae kwenye barafu, kishikwe juu ya mrija na si chini. Bafa na sabstreti ziwe zimeshafika joto la kazi. Soma sifuri kwa blanki. Weka mikrolita 100 za kimeng'enya, funika kuveti kwa parafilmu, ipindue mara mbili tatu, irudishe kwenye mashine na uanze saa. Soma kila sekunde 15.

Kwa muda gani? Hapa ndipo kazi ya Leonor Michaelis na Maud Menten, iliyofanyika Berlin na kuchapishwa mwaka 1913, ilipopata nguvu yake. Walikuwa wakichunguza invatesi, kimeng'enya kinachokata sukari ya miwa. Victor Henri alishaandika mlinganyo unaofanana miaka kumi kabla yao. Wao walidhibiti pH kwa bafa na wakashikilia kupima kasi ya mwanzo tu, kabla mazao hayajarundikana na sabstreti haijapungua. Mlinganyo unaoutumia una [S] moja, yaani mkolezo wa sabstreti, na hiyo [S] ni ile uliyoiweka mwanzoni. Ikishapungua sana, mlinganyo haukuhusu tena.

Kanuni ya maabara ni kubaki ndani ya asilimia 10 za sabstreti iliyotumika. Chukua mrija wa 0.05 mM, yaani mikromola 50. Kasi yake (tutaiona hapa chini) ni mikromola 2.4 kwa dakika. Dakika 2 zinatumia 4.8, sawa na asilimia 9.6. Dakika 5 zinatumia karibu robo, kama kasi ingebaki ile ile. Na haibaki, mstari unaanza kupinda. Kwa hiyo dakika mbili za kwanza ndizo zako. Soma hadi ya tatu ukipenda, ili uone kupinda kunaanzia wapi, lakini chora mteremko kwenye sehemu iliyonyooka pekee. Kasi za mikolezo mikubwa zinavumilia muda mrefu zaidi, ingawa ni vyema kutumia dirisha lile lile kwa yote.

Umeme ukikatika katikati ya kusoma, mrija huo umekufa. Tengeneza mwingine. Usijaze namba za kukisia katikati.

Hatua ya 7: Kutoka ufyonzaji kwenda mikromoli

Mrija wa 0.20 mM umekupa mteremko wa 0.0948 kwa dakika. Gawanya kwa 0.0158: mikromola 6.0 kwa dakika. Fanya hivyo kwa yote, ukiondoa kwanza mteremko wa blanki kama upo. Tuseme umepata hivi, kwa mikromola kwa dakika:

0.05 mM → 2.4
0.10 mM → 4.0
0.20 mM → 6.0
0.40 mM → 8.0
0.80 mM → 9.6
1.60 mM → 10.7

Kabla ya grafu yoyote, tazama namba kwa macho. Sabstreti imeongezeka mara mbili kutoka 0.05 hadi 0.10, kasi nayo imekaribia kuongezeka mara mbili. Kutoka 0.80 hadi 1.60 kasi imeongezeka kidogo tu. Kimeng'enya kinajaa. Kama namba zako hazina umbo hilo, hakuna grafu itakayoziokoa. Rudi kwenye mirija.

Hatua ya 8: Tafuta Km na Vmax

Mlinganyo ni v = Vmax[S] ÷ (Km + [S]), ambapo v ni kasi, na Km ni mkolezo wa sabstreti unaokupa nusu ya Vmax.

Karibu kila karatasi ya maabara itakutaka uchore grafu ya Lineweaver na Burk ya mwaka 1934: 1/v dhidi ya 1/[S]. Chora. Kwa namba zetu mstari unakata mhimili wima kwenye 0.083, hivyo Vmax ni 1 ÷ 0.083 = 12 mikromola kwa dakika. Unakata mhimili mlalo kwenye −5, hivyo Km ni 0.2 mM. Vizuri sana, kwa sababu namba zilikuwa safi.

Sasa chafua pointi moja. Tuseme aliyeshika pipeti alipunja mrija wa 0.05 na ukasoma 2.0 badala ya 2.4. Tofauti ya 0.4 inaonekana ndogo. Lakini 1 ÷ 2.4 ni 0.417, na 1 ÷ 2.0 ni 0.500, na pointi hiyo imekaa mbali kabisa kulia, kwenye 1/[S] = 20, ambako inauvuta mstari mzima. Ukipitisha mstari upya unapata Vmax ya 14.2 na Km ya 0.29. Pointi moja, iliyo dhaifu kuliko zote, imesogeza Km kwa karibu nusu.

Data hizo hizo zenye dosari, ukizilinganisha moja kwa moja na mlinganyo wa Michaelis na Menten bila kugeuza kitu, zinatoa Vmax ya 12.2 na Km ya 0.21. Ndiyo maana ushauri wangu ni huu: Lineweaver na Burk itumie kwa kuonyesha picha, hasa ya vizuizi, na thamani utakazoripoti zitoe kwenye mlinganyo wenyewe. Huhitaji programu ya kulipia. Kwenye Excel weka safu ya [S], safu ya v uliyopima, na safu ya v inayotabiriwa kutokana na seli mbili zenye makisio ya Vmax na Km. Safu ya nne iwe mraba wa tofauti. Jumlisha safu hiyo, kisha iambie Solver iipunguze jumla hiyo kwa kubadilisha zile seli mbili. Makisio ya kuanzia yachukue kwenye grafu yako. LibreOffice Calc nayo ina Solver, na ni ya bure. Humo hakikisha umechagua injini ya milinganyo isiyo mstari nyoofu.

Vmax katika mikromola kwa dakika inategemea kimeng'enya kiasi gani umeweka, kwa hiyo peke yake haisemi mengi. Igeuze: mikromola 12 mara lita 0.003 ni mikromoli 0.036 kwa dakika, yaani yuniti 0.036, na zimetokana na mL 0.1 ya kimeng'enya, hivyo yuniti 0.36 kwa mL. Kama kipimo cha Bradford kilikupa protini ya mg 0.02 kwa mL, utendaji mahususi ni 0.36 ÷ 0.02 = yuniti 18 kwa mg. Andika yuniti kila hatua na uzikate kama sehemu. Zisipokatika vizuri umegawanya mahali pa kuzidisha.

Hatua ya 9: Kizuizi, kama kimo kwenye praktiko yenu

Mara nyingi sehemu ya pili ni kurudia mirija yote ukiwa umeongeza fosfeti kidogo. Kwa kuwa fosfeti inashindana na sabstreti, ukiijaza sabstreti ya kutosha inashinda: Vmax inabaki, Km inaonekana kupanda. Kwenye Lineweaver na Burk mistari miwili inakutana kwenye mhimili wima. Ikiwa kwa fosfeti ya 0.4 mM umepata Km ya 0.6 badala ya 0.2, imepanda mara 3, na 3 = 1 + [I]/Ki, ambapo [I] ni mkolezo wa kizuizi na Ki ni mkolezo wake unaoifanya Km ionekane mara mbili, hivyo Ki ni 0.2 mM.

Usitegemee mistari ikutane kwenye nukta moja safi. Ikipishana kidogo sema imepishana, toa Vmax zote mbili, kisha ueleze kwa nini unaona tofauti hiyo ni ya vipimo.

Hatua ya 10: Ripoti

Utangulizi uwe nusu ukurasa. Historia ya vimeng'enya tangu enzi za Pasteur hakuna aliyeiomba. Mbinu ziandikwe kwa jinsi mlivyofanya kweli, si jinsi karatasi ilivyoagiza: kama joto lilikuwa 29, andika 29.

Kwenye matokeo weka jedwali la kasi, mfano mmoja wa hesabu ulioandikwa hatua kwa hatua, grafu ya standadi, grafu ya v dhidi ya [S], na ile ya 1/v. Mihimili yote iwe na yuniti. Km ya 0.2134879 mM kutoka kwenye pipeti ya kufundishia ni kichekesho, 0.21 inatosha.

Alama nyingi hupotea kwenye majadiliano, na kinachozipoteza ni sentensi kama "makosa yalitokana na binadamu". Taja kosa, taja linasukuma matokeo upande gani. Mfano: myeyusho wa sabstreti uliozidi kuwa hafifu kuliko lebo hupandisha Km bila kugusa Vmax, kimeng'enya kilichochoka kwa joto hushusha Vmax bila kugusa Km, mgawo wa 18,000 ukitumika kwenye pH 8 hushusha Vmax kwa asilimia 12 na kuiacha Km ilivyo, kwa kuwa kasi zote zimepunguzwa kwa uwiano uleule. Mwanafunzi anayeandika mistari mitatu ya namna hiyo haulizwi tena kama alikuwepo maabara.

Eleza pia Km inamaanisha nini mwilini, na mfano mzuri uko kwenye sukari. Heksokinesi ya misuli na ubongo ina Km ya glukosi iliyo chini ya 1 mM, wakati damu ina glukosi karibu 5 mM, hivyo hufanya kazi karibu na kikomo muda wote. Glukokinesi ya ini hufikia nusu ya kasi yake kwenye glukosi ya karibu 8 mM, kwa hiyo huchangamka baada ya mlo na kupoa wakati wa njaa. Swali hili hurudi kwenye mtihani wa mwisho likiwa limevaa nguo nyingine: unapewa grafu mbili bila majina na kuulizwa ipi ni ya ini.

Daftari lenye namba ghafi libaki nalo hadi matokeo ya muhula yatoke. Ukiitwa kueleza pointi ya 0.05, hilo ndilo utakalolifungua.